Dirisha la Kushoto

Leo tuzungumze habari za picha. Najua, najua. Kuzungumza habari za picha redioni ni kazi ya kuchekesha kidogo, maana sina cha kukuonyesha. Basi mniazime macho yenu ya ndani, nami nitaeleza taratibu, na pale penye uzito nitarudia.

Nianze na swali. Umewahi kwenda studio, au kusimama mbele ya mpiga picha wa harusi, akakwambia: geuka kidogo, bega moja nyuma, shusha kidevu, hapo hapo, usitikisike? Bila shaka umewahi. Je, uliwahi kujiuliza maagizo hayo ameyatoa wapi? Utaniambia kafundishwa na fundi wake. Sawa. Na fundi wake je? Naye kafundishwa. Ukiendelea kurudi nyuma, fundi baada ya fundi, unafika mahali ambapo kamera yenyewe haijazaliwa. Uvumbuzi wa Daguerre wa kupiga picha kwa kamera ulitangazwa Paris mwaka 1839. Lakini kule Bruges, mwaka 1433, mchoraji Jan van Eyck alikuwa amekwisha kumchora mwanamume aliyegeuka kidogo, bega moja mbele, kajifunga kitambaa chekundu kichwani kama kilemba, macho yanakutazama wewe unayemtazama. Wataalamu wengi wanaamini ni yeye mwenyewe. Miaka mia nne na zaidi kabla ya kamera! Maagizo ya fundi wako wa mtaani ni ya wachoraji.

Hilo ndilo neno langu la leo. Nyuma ya bega la kila mpiga picha za watu amesimama mchoraji wa kale, hata kama mpiga picha mwenyewe hamjui kwa jina. Na likishakubalika hilo, linakuja swali la pili, ambalo ndilo zito: akiazima kwa wachoraji, anaazima nini?

Tuanze na mwanga, kwa sababu hapo ndipo penye utamu.

Kulikuwa na mchoraji katika mji wa Delft, Uholanzi, jina lake Johannes Vermeer. Alifariki mwaka 1675, na kazi zake zilizobaki hazifiki hata arobaini. Ukizipitia, utaona jambo linalojirudia: chumba, mwanamke ameshika barua au anamimina maziwa, na dirisha. Dirisha liko upande gani? Kushoto. Tena na tena, kushoto. Kwa nini kushoto? Sababu ni ya kazi tu, haina siri. Mchoraji anayetumia mkono wa kulia akiruhusu mwanga utoke kulia, kivuli cha mkono wake mwenyewe kinaangukia pale pale anapopaka rangi. Mwanga ukitoka kushoto, anaona anachofanya.

Sasa niambie, mpiga picha ana kivuli cha mkono kinachomsumbua? Hana. Yeye anabonyeza, basi. Hata hivyo, fungua magazeti ya leo yenye picha za watu mashuhuri, uhesabu mwenyewe ni ngapi zinaangazwa kutoka kushoto. Macho yetu yamelelewa na michoro hiyo kiasi kwamba mwanga wa kushoto tunauona ndio wa kawaida. Tabia ya mkono imegeuka kuwa tabia ya jicho.

Kuna na jambo la kaskazini. Wachoraji wa Ulaya walipenda karakana yenye dirisha linalotazama kaskazini, maana kwao jua hupita upande wa kusini, basi dirisha la kaskazini halipigwi jua moja kwa moja. Mwanga wake ni mpole na hautikisiki mchana kutwa. Vitabu vya kufundishia upigaji picha vikalichukua shauri hilo vilevile lilivyo: tafuta dirisha la kaskazini. Haya, jaribu shauri hilo Mombasa, Unguja au Dar es Salaam mwezi wa Juni! Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, upande wake wa kusini. Katikati ya mwaka jua liko kaskazini yetu, na dirisha lako la kaskazini litaingiza jua la kukunja uso. Desemba jua limehamia kusini. Kwetu sisi dirisha la Vermeer halina makao ya kudumu. Lakini mwanga wake tunao. Uko mlangoni. Msimamishe mtu hatua moja ndani ya mlango, jua likiwa nje lakini halimgusi, na giza la ukumbi nyuma yake. Au mkalishe barazani chini ya paa. Wapiga picha wetu wanafanya hivyo kila siku bila kumtaja Mholanzi yeyote, na wanapata mwanga uleule.

Mholanzi wa pili ni Rembrandt, aliyefariki Amsterdam mwaka 1669. Huyu alijichora mwenyewe tangu ujana mpaka uzee, na alipenda mwanga utoke juu kidogo na pembeni, upande mmoja wa uso uangazwe, upande wa pili uzame kivulini. Ila kule kivulini, chini ya jicho, huachwa kipande kidogo cha mwanga chenye umbo la pembetatu. Mpaka leo wapiga picha dunia nzima wanakiita kwa jina lake. Mwambie fundi yeyote wa studio akuwekee taa ya Rembrandt, ataisogeza taa moja pembeni na juu, ataitafuta ile pembetatu shavuni mwako, akiipata atatabasamu.

Hapo kuna kisa. Mwaka 1915, mwongozaji wa filamu wa Marekani, Cecil B. DeMille, alitengeneza filamu inayoitwa The Warrens of Virginia, akamwangaza mwigizaji upande mmoja tu wa uso. DeMille mwenyewe alipenda kusimulia kwamba mshirika wake wa biashara, Samuel Goldwyn, alimpelekea simu ya maandishi kulalamika: wenye kumbi za sinema watalipa nusu bei, kwa kuwa uso unaonekana nusu. DeMille akajibu kwamba huo ni mwanga wa Rembrandt. Jibu likarudi: kama ni Rembrandt, watalipa mara mbili! Huenda kisa kimetiwa chumvi, watu wa sinema hawaishiwi chumvi. Lakini kinatuambia kitu. Jina la mchoraji lilikuwa tayari ni mtaji. Picha ya kamera ilikuwa bidhaa, na ikipakwa jina la mchoraji inapanda cheo. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Na kilichoko nyuma ya mtu je? Hapa niwarudishe nyumbani. Unguja, mwaka 1930, mpiga picha Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, na vizazi vya Wazanzibari vimekaa mbele ya kamera ya nyumba ile. Mombasa, kwenye kivuko cha Likoni, wapiga picha walikuwa na vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa: umesimama Likoni, lakini nyuma yako kuna meli au ndege, na jamaa zako bara watakaoipokea picha waone umefika mbali. Studio za Ulaya za karne ya kumi na tisa nazo zilikuwa na pazia zito na nguzo ya kuegemea, vitu vilivyoigwa kutoka michoro ya mabwana na wafalme. Nguzo za bandia zilisimamishwa juu ya zulia. Hebu fikiri, nani anajenga nguzo ya mawe juu ya zulia? Hakuna aliyejali. Nguzo haikuwekwa pale kubeba paa, iliwekwa kumbeba mteja. Fundi seremala au karani aliyelipia picha yake moja alipewa, kwa dakika chache, mahali pa bwana mkubwa. Leo simu yako inafifisha kila kitu nyuma ya kichwa chako. Ni pazia lilelile, limebadilika umbo, na kusema kweli mimi naipenda zaidi ile meli ya Likoni.

Sasa tuje kwa watu wa zama zetu, wanaoazima kwa kujua wanachofanya. Nitawataja wachache.

Kuna Mholanzi Hendrik Kerstens, aliyeanza kumpiga picha binti yake, Paula, mnamo miaka ya tisini. Siku moja Paula alirudi kutoka kupanda farasi, akavua kofia, nywele zikabaki zimeshikwa na wavu. Baba akaona kitu: uso ule, na kile kichwa kilichofungwa, ni sura ya michoro ya kale ya nchini mwao. Tangu hapo akaendelea kumvika vitu vya nyumbani kichwani. Picha yake iliyosifika zaidi ni ya mwaka 2007. Paula anatazama kwa utulivu, nyuma yake giza, mwanga wa upande, na kichwani ana kitu cheupe kilichokunjika vizuri kama kofia ya kitani ya wanawake wa zama za Vermeer. Unasogea karibu. Ni mfuko wa plastiki wa dukani! Ndiyo, rambo, au juala kwa wenzetu wa Kenya, ile iliyopigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Niseme ukweli wangu: ukiziona picha hizo nyingi kwa mpigo, mzaha unaanza kuchosha. Leo kitambaa cha mezani, kesho karatasi. Kinachoziokoa ni uso wa Paula, ambao haucheki wala haukuombi ucheke, na ambao tumeuona ukikua mwaka baada ya mwaka.

Wakati mwingine mchoro unaingia kwenye picha bila kukaribishwa. Rineke Dijkstra, Mholanzi pia, mwaka 1992 alimpiga picha msichana kwenye ufuo wa Kołobrzeg, Poland, amevaa nguo ya kuogelea ya kijani, uzito ameuegemeza mguu mmoja, kichwa kimeinama kidogo. Watazamaji wakaona papo hapo mungu wa kike Venus, yule wa mchoraji Mwitalia Botticelli. Msichana yule alikuwa amesimama tu, kwa aibu ya umri wake. Wenye kumbukumbu ya mchoro ni sisi.

Lakini wawili ninaotaka kukaa nao kidogo ni hawa wanaofuata.

Wa kwanza ni Mwingereza Tom Hunter. Miaka ya tisini aliishi Hackney, mashariki mwa London, miongoni mwa watu waliohamia kwenye nyumba zilizoachwa tupu. Wakaletewa hati za kuwaondoa. Hati hizo hazikuwa hata na majina yao, ziliandikiwa watu wasiojulikana. Sasa mpiga picha wa habari angefanya nini? Angetupigia picha ya fujo, polisi mlangoni, vyombo barabarani. Tumeziona nyingi, tunafungua ukurasa unaofuata. Hunter alifanya jambo lingine. Mwaka 1997 alimsimamisha jirani yake, mama kijana, mbele ya dirisha, akisoma ile hati, kwa mkao uleule wa mchoro wa Vermeer wa msichana anayesoma barua penye dirisha lililo wazi. Dirisha liko wapi? Kushoto, mmejibu vizuri. Na pale ambapo Vermeer aliweka bakuli la matunda, Hunter alimlaza mtoto mchanga.

Fikirini kidogo. Barua ya Vermeer hatujui inasema nini, tunadhani ya mapenzi. Barua ya Hunter tunajua inasema nini: toka. Lakini mwanga unaomwangukia mama huyu ni ule ambao tumezoea kuuona ukiwaangukia watu wanaotundikwa kwenye majumba ya makumbusho. Huwezi kumtazama kwa haraka. Hunter amesimulia kwamba picha ile ilifungua mazungumzo na halmashauri, na nyumba zikanusurika. Sisemi kila picha nzuri huokoa nyumba. Ile iliokoa, na haikufanya hivyo kwa kupiga kelele.

Wa pili ni ndugu yetu Omar Victor Diop, mzaliwa wa Dakar, Senegal, mwaka 1980. Mwaka 2014 alitoa mfululizo wa picha alizojipiga mwenyewe, kauita Project Diaspora. Humo anavaa na kukaa kama Waafrika waliowahi kuchorwa au kukumbukwa ughaibuni katika karne zilizopita. Si watu wa kubuni. Kuna Jean-Baptiste Belley, ambaye kwa maelezo yake alizaliwa kisiwa cha Gorée, akachukuliwa mtumwa hadi Saint-Domingue, ndiyo Haiti ya leo, akajinunulia uhuru, akawa askari, akachaguliwa mwaka 1793 kwenda bungeni Ufaransa, na alikuwemo Februari 1794 bunge lilipofuta utumwa katika makoloni. Mchoraji Girodet alimchora mwaka 1797 na mshipi wa rangi tatu za Ufaransa kiunoni. Kuna Malik Ambar, mzaliwa wa Ethiopia, aliyeuzwa, akavuka bahari hadi India, akaishia kuwa kiongozi wa majeshi na mwenye madaraka yote katika usultani wa Ahmadnagar. Na kuna Juan de Pareja, nitarudi kwake sasa hivi.

Diop anazivaa nguo za watu hao vizuri kabisa. Halafu anaingiza kitu kisichokuwemo kwenye mchoro wowote wa kale: mpira wa miguu, au glavu za golikipa, au filimbi ya refa. Kwa nini? Amelieleza mwenyewe. Mchezaji wa Kiafrika katika vilabu vya Ulaya ni shujaa Jumamosi akifunga bao, na Jumapili akikosa penalti anatukanwa kwa rangi yake. Anatukuzwa, na bado ni mgeni. Belley naye alichorwa kwa fahari, na Napoleon alipowarudisha watumwa minyororoni, Belley alifia kizuizini Ufaransa. Mpira mmoja kwenye picha unaunganisha karne mbili, na Diop hakuhitaji kuandika neno.

Sasa turudi kwenye swali letu zito. Mpiga picha anaazima nini kwa mchoraji? Zamani, picha ya kuchorwa ilikuwa ya mwenye uwezo wa kuilipia. Ukaaji ule, saa na saa mbele ya mchoraji, ulikuwa wa mfalme, wa mfanyabiashara na mkewe. Hunter ameuchukua ukaaji huo akampa mama mwenye hati ya kufukuzwa. Diop ameuchukua akawarudishia waliouzwa. Huko ndiko kuazima. Lakini kuna kuazima kwingine ambako, kwa maoni yangu, hakufiki popote: zile programu za simu zinazoupaka uso wako rangi ya kahawia na kuongeza nyufa ili uonekane umechorwa zamani. Huko kumebaki kile nilichowaambia mkikumbuke, cha Goldwyn: ukiona Rembrandt, lipa mara mbili. Rangi ya kahawia ya michoro mingi ya kale, tena, ni vanishi iliyochakaa. Mchoraji hakuiweka. Tunaiga uchafu tukidhani tunaiga ufundi.

Nimalizie na Pareja, na hapa nazungumza hasa na mafundi wa studio mnaosikiliza. Juan de Pareja alikuwa mtumwa wa mchoraji wa Hispania, Diego Velázquez, akimsaidia karakanani. Mwaka 1650, wakiwa Roma, Velázquez alimchora, na mwaka huohuo akatia saini hati ya kumwacha huru, kwa sharti la kumtumikia miaka minne zaidi. Baadaye Pareja akawa mchoraji mwenyewe. Mchoro wake wa mwaka 1661 uko katika jumba la makumbusho la Prado, Madrid, na humo amejichora pembeni, amesimama wima. Mchoro wa Velázquez uko New York. Utafuteni kwenye simu zenu baada ya kipindi, muutazame kama mafundi.

Vijana wengi wanaopenda mwanga wa Rembrandt wananilalamikia jambo moja: wakimweka mtu mwenye ngozi nyeusi mbele ya pazia jeusi, taa moja pembeni, nusu ya kichwa inapotea. Nywele zinamezwa na pazia. Wanaongeza taa ya pili, uzuri unaharibika. Velázquez alifanyaje? Kwanza, nyuma ya Pareja hakuna weusi. Kuna kijivu cha wastani, chenye mwanga zaidi kuliko nywele zake, hivyo mzunguko wa kichwa unasomeka wote. Pili, shingoni kuna kola pana nyeupe, na weupe ule unarudisha mwanga juu, kwenye kidevu na chini ya taya, mahali ambapo kivuli kingekuwa kizito. Hakuna taa ya pili. Ni ukuta wa kijivu na kitambaa cheupe.

Kitambaa cheupe tunacho. Mzee aliyevaa kanzu, msimamishe hatua moja ndani ya mlango, ukuta wa chokaa iliyofifia nyuma yake, mbali kidogo. Kanzu yenyewe itakufanyia kazi ya kola. Kwa mama aliyevaa nguo ya giza, mpe leso yenye weupe mwingi aishike chini kidogo ya kifua, nje ya picha, uone taya linavyofunguka. Mlango ukiwa kushoto, vizuri. Ukiwa kulia, vizuri pia, wewe huna kivuli cha mkono.

Muda umenitupa mkono, wasikilizaji. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza habari za mapazia ya studio na waliokuwa wakiyachora.